Somo la 6: Mwenye Nyumba Aje Aseme

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kutoka 12:15–20, 1 Wakorintho 5:6–8, Wimbo Ulio Bora 2:10–15, Waefeso 4:26, 27, Walawi 14:33–53, Yohana 9:1–3, Kutoka 8:1–15, Luka 11:24–26.

Fungu la Kukariri: Mithali 28:13. Kila mshiriki alikariri kutoka katika Biblia yake.

Katika kanisa moja mkoani Kilimanjaro, mwezi Machi, mvua za masika zikiwa zimeanza kupiga juu ya mabati, kwaya ya wageni ilitarajiwa kuhudumu Sabato moja. Waimbaji walihitaji mahali pa kulala usiku wa Ijumaa na usiku wa Sabato. Shemasi alipitisha karatasi ili kila familia iandike idadi ya wageni itakaowapokea. Familia yenye nyumba kubwa kuliko zote jirani na kanisa iliipitisha karatasi ile bila kuandika kitu. Ilikuwa mara ya pili. Baada ya ibada maneno yakaanza chini ya mti: "Nyumba kubwa, mkono mfupi."

Waliosema hawakujua kilichokuwa ndani. Mwezi Desemba kijana wa familia ile alirudi kutoka shule ya bweni na tranka lake, na ndani ya tranka walikuwamo kunguni. Kufikia Machi walikuwa wameenea kwenye vitanda vyote vya watoto. Mama wa nyumba alinunua dawa ya kupulizia akawa anapulizia kila usiku, milango na madirisha vikiwa vimefungwa ili majirani wasisikie harufu. Mtoto wake mdogo, ambaye ana pumu, akawa anakohoa hadi alfajiri. Mama aliona heri aitwe mchoyo kuliko aitwe mchafu.

Somo la juma hili linahusu wadudu na wanyama waharibifu wanaoingia nyumbani mwanzoni mwa majira ya mvua, na yale ambayo Biblia inafundisha kuhusu nyumba iliyoingiliwa. Linahusu pia aibu, kwa kuwa mara nyingi aibu ndiyo inayowalinda wadudu hao kuliko kitu kingine chochote.

JUMAPILI
Nyumba Inapekuliwa

Soma Kutoka 12:15–20. Ni nini kilichopaswa kuondolewa nyumbani, na ni lini?

Mwezi wa kwanza wa Waisraeli uliitwa Abibu, jina linalohusu masuke mabichi ya shayiri. Baada ya uhamisho wa Babeli mwezi huo uliitwa Nisani (Nehemia 2:1). Unaangukia kati ya Machi na Aprili. Katika nchi ya Israeli, hayo ni majira ya kuchipua: mvua za baridi zinakwisha, jua linapata nguvu, na kila kilichokuwa kimelala kinaamka.

Wakati huo Mungu aliamuru nyumba ipekuliwe. Kwa siku saba chachu haikupaswa kuonekana ndani ya nyumba ya Mwisraeli. Chachu si mdudu, lakini tabia yake inafanana na ya wavamizi wa nyumbani: ni ndogo, inajificha, na ikiachwa inaenea. Ndiyo maana amri haikuishia kwenye kula. Hata kuwa nayo ndani kulikatazwa. Hadi leo familia za Kiyahudi zinazoshika desturi hiyo huzunguka nyumba usiku wa kuamkia siku ya maandalizi ya Pasaka, zikiwa na mwanga mkononi, na kuchungulia pembe za kabati na mianya ya sakafu.

Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, miezi hiyohiyo ni mwanzo wa masika. Siafu hutoka ardhini maji yanapojaa, wakatafuta mahali pakavu. Panya huacha shamba lililolowa na kuingia ghalani. Kumbikumbi hufuata taa. Mbu hupata maji ya kutagia katika kila kopo lililoachwa nje. Familia yenye busara haingoji kuwaona. Kabla mvua hazijakolea inachukua tochi na kupekua: chini ya vitanda, nyuma ya kabati, juu ya dari, nyuma ya magunia ya mahindi. Kupekua kunatangulia dawa. Anayepuliza dawa bila kupekua anapigana na asiyemjua.

Soma 1 Wakorintho 5:6–8. Paulo anachukua kazi hii ya nyumbani na kuitumia kwa kanisa la Korintho, ambalo lilijua uovu uliokuwamo ndani yake na bado likajisifu. Hawezi kuona sikukuu ikifanyika huku chachu ya zamani imeachwa ndani.

Tafakari: Ni pembe gani ya maisha ya nyumbani kwako ambayo haijamulikwa kwa muda mrefu? Kwa nini?

JUMATATU
Mbweha Wadogo na Tundu la Penseli

Soma Wimbo Ulio Bora 2:10–15. Mbweha wanatajwa katika majira gani?

Mpangilio wa mafungu haya unastahili kuangaliwa. Kwanza baridi imepita na mvua imekoma. Kisha maua yanaonekana, ndege wanaimba, mizabibu inachanua. Hapo ndipo linakuja ombi la kuwakamata mbweha, na wanaotajwa ni wale wadogo. Mharibifu haji wakati shamba limekauka. Anakuja wakati wa maua, na ua likiharibiwa zabibu haitakuwapo.

Nyumba nayo huharibiwa na vidogo. Panya mdogo wa nyumbani anaweza kupita kwenye tundu la kiasi cha milimita 6, sawa na unene wa penseli. Mende mdogo wa jikoni hubeba kifuko kimoja chenye mayai kati ya 30 na 40. Mchwa hawabomoi mlango. Wanapanda ukutani ndani ya mstari mwembamba wa udongo ambao mtu anaweza kuufuta kwa kidole, na wengi hupita wakiutazama. Wote hawa wanatafuta vitu vitatu: chakula, maji na mahali pa kujificha. Nyumba inayowanyima vitu hivyo imeshinda nusu ya vita kabla ya dawa yoyote.

Kwa hiyo kazi ni ndogondogo na ya kila siku. Tundu lizibwe kwa saruji iliyochanganywa na waya wa kusugulia sufuria, kwa kuwa panya hupata shida kuutafuna waya huo. Vyombo visilale vichafu. Magunia yainuliwe juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta. Maji ya ndoo na mapipa yafunikwe, na vyombo vya maji visuguliwe mara moja kwa juma, maana katika joto yai la mbu laweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 10 hivi. Na sumu, pale inapolazimu, isiwekwe kamwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Watoto wamepoteza maisha kwa njia hiyo.

Soma Waefeso 4:26, 27. Paulo anasema kwamba hasira inayolazwa hadi jua lizame inampa Ibilisi nafasi. Nafasi ni tundu. Mume na mke hawaachani siku moja. Kwanza huacha kusalimiana asubuhi, kisha huacha kuombeana, kisha kila mmoja hupata mtu mwingine wa kumweleza siri zake. Tundu la penseli lilikuwapo tangu mwanzo, ila halikuonekana kuwa jambo la kusumbukia.

Tafakari: Je, lipo jambo dogo nyumbani kwako ambalo lingezibwa leo kwa neno moja la msamaha?

JUMANNE
Mwenye Nyumba Aje Aseme

Soma Walawi 14:33–48. Ni nani anayetoa taarifa kwamba nyumba ina pigo? Kuhani anaamuru nini kabla ya kuingia?

Sura hii haisomwi mara nyingi kanisani, lakini ni msaada mkubwa kwa familia. Inahusu nyumba iliyopata pigo kwenye kuta zake. Dalili zake ni mabaka yaliyobonyea ndani ya ukuta, ya kijani au mekundu, na wafafanuzi wengi wanaona hapo aina fulani ya ukungu. Mambo manne yanajitokeza.

Kwanza, mwenye nyumba ndiye anayekuja kusema (fungu la 35). Kuhani hakutumwa kuvizia madirisha ya watu. Jirani hakupewa kazi ya kunusa. Sheria ilimtegemea yule anayelala ndani ya nyumba ile, kwa sababu yeye ndiye anayeona kwanza.

Pili, kabla kuhani hajaingia, nyumba ilitolewa vitu vyote, ili vyombo visihesabiwe kuwa najisi pamoja na nyumba (fungu la 36). Hii ni rehema. Mungu alifikiria magodoro na vyungu vya maskini. Aliyesema mapema aliokoa mali yake, na aliyeficha aliiweka yote hatarini.

Tatu, matibabu yalikuwa na hatua. Nyumba ilifungwa siku saba na kuangaliwa tena. Mawe yaliyoathirika yaling'olewa, kuta zikakwanguliwa, zikapigwa lipu mpya. Pigo likirudi baada ya hayo yote, ndipo nyumba ilibomolewa. Hakuna aliyeanza kwa kubomoa.

Nne, nyumba iliyopona ilifanyiwa upatanisho kwa ndege wawili, mwerezi na hisopo (mafungu ya 49–53), vitu vilevile vilivyotumika kwa mtu aliyepona ukoma (mafungu ya 4–7). Nyumba ilitangazwa safi hadharani. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na haki ya kuinyooshea kidole.

Yule mama wa Kilimanjaro alisoma sura hii katika usomaji wake wa kawaida wa Biblia, mtoto akikohoa chumba cha pili. Alfajiri alikwenda kwa shemasi aliyepitisha karatasi. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Dada, sikuwanyima wageni kitanda. Nyumbani kwangu kuna kunguni. Sasa umejua."

Shemasi alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Hata kwangu walikuwapo mwaka jana. Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Nyumba mbili za waumini wa kanisa moja, hatua chache kati yake, zilikuwa zimepigana vita vilevile, kila moja peke yake, na kila moja ikiamini kwamba nyingine ni safi.

Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi. Yesu alikataa swali hilo. Kunguni si ushahidi wa dhambi, wala si ushahidi wa uchafu. Anakula damu, si takataka, na husafiri katika tranka, begi au samani za mitumba hadi kwenye nyumba safi kabisa. Usafi husaidia aonekane mapema, lakini haumzuii kuja. Kanisa linalocheka nyumba iliyoingiliwa linafundisha nyumba nyingine kunyamaza.

Tafakari: Ikiwa mshiriki angekueleza aibu ya nyumbani kwake leo, je, angejutia kesho kwamba alikueleza?

JUMATANO
"Kesho"

Soma Kutoka 8:1–15. Musa alimpa Farao nafasi ya kuchagua wakati vyura waondolewe. Farao alichagua lini, na alifanya nini baada ya kupata nafuu?

Vyura walikuwa kitandani mwa mfalme, katika matanuri na katika vyombo vya kukandia unga. Hata hivyo, alipoulizwa aombewe lini, Farao alijibu kwamba iwe kesho. Alikubali kulala nao usiku mmoja zaidi. Na vyura walipokufa, akaona amepata nafuu, akaufanya moyo wake kuwa mzito. Farao hakuchukia dhambi. Alichukia vyura. Walipoondoka hakuona tena sababu ya kutii.

Hapa ndipo wengi hushindwa hata na wadudu. Wanapuliza dawa usiku mmoja, wanafagia waliokufa, wanashukuru na kulala. Lakini dawa nyingi haziui mayai, na mahali pengi kunguni wamekuwa sugu kwa dawa za kawaida za dukani. Mayai yao huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, akimsubiri mwenye kitanda arudi. Nafuu ya siku tatu si ushindi.

Wale wanawake wawili walianza kazi Jumapili. Mtoto mwenye pumu alipelekwa kwa bibi yake, na mkebe wa dawa ukawekwa kando. Walifungua vitanda vipande vipande na kumimina maji yaliyochemka katika kila kiungo cha mbao. Mashuka na vyandarua vilifuliwa kwa maji ya moto. Magodoro yalianikwa na kugeuzwa, ingawa walijua kwamba jua peke yake halitoshi, kwa kuwa kunguni hukimbilia upande wa kivuli. Kwa hiyo walikagua kila mshono na kisha wakayafunga kwa nailoni. Nyufa za ukuta zilizibwa, na vitanda vikasogezwa mbali na ukuta. Tranka la bweni likamwagiwa maji ya moto, na likapata mahali pake nje ya vyumba vya kulala. Baada ya siku saba walirudia yote tangu mwanzo. Waliwakuta kunguni wachache, wadogo sana. Wakarudia mara ya tatu.

Toba ya kweli ina mara ya pili na ya tatu. Aliyeacha pombe anajua hivyo, na aliyeacha ulimi wa kusengenya anajua zaidi. Kurudia si dalili kwamba Mungu hakusamehe mara ya kwanza. Msamaha hutolewa mara moja, lakini mazoea yana mayai yake, na neema ya Mungu inatosha kwa siku ya saba kama ilivyotosha kwa siku ya kwanza.

Tafakari: Ni jambo gani ambalo umemwambia Mungu "kesho"? Ni nini hasa kinachofanya usiku mmoja zaidi uonekane wa thamani?

ALHAMISI
Nyumba Isibaki Tupu

Soma Luka 11:24–26 pamoja na Mathayo 12:43–45. Nyumba katika mfano huu ilikuwa na kasoro gani?

Nyumba katika mfano wa Yesu haikuwa chafu. Ilikuwa imefagiwa na kupambwa. Mathayo anaongeza neno moja linaloeleza tatizo: ilikuwa tupu. Roho aliyetoka alirudi akakuta nafasi, akaleta wengine saba wabaya kuliko yeye, na hali ya mwisho ikawa mbaya kuliko ya kwanza.

Mkulima anajua jambo hili. Nyumba iliyofungwa mwaka mzima, hata kama iliachwa safi, hufunguliwa ikiwa na popo darini, mchwa mlangoni na panya kabatini. Wadudu hupenda mahali ambapo hapana mtu wa kuwaona. Nyumba inalindwa zaidi na watu wanaoishi ndani yake, wanaofungua madirisha asubuhi na kuinua magodoro mara kwa mara.

Vivyo hivyo haitoshi familia iondoe kilicho kibaya. Baba akiacha kilevi, jioni zake zijazwe na nini? Vijana wakiambiwa wazime simu, wapewe nini mahali pake? Ibada ya familia asubuhi na jioni si mzigo wa kuongeza juu ya mizigo mingine. Ni Mwenye nyumba kuwapo nyumbani. Wimbo mmoja, mafungu machache na ombi fupi ambalo hata mtoto anaweza kuliomba vinatosha kwa kuanzia. Kristo hakuja kufagia na kuondoka. Anataka kukaa (Yohana 14:23).

Kwaya ilikuja na kuondoka, na hakuna mgeni aliyelala katika ile nyumba kubwa Sabato ile. Waliosema maneno chini ya mti hawakuomba radhi. Huenda hawakumbuki kwamba waliyasema. Lakini Sabato ya wageni iliyofuata, karatasi ilipopita, yule mama aliandika "wawili". Ijumaa jioni aliwapokea mlangoni na kuwaambia wazi yaliyoipata nyumba yake na yaliyofanyika. Wageni wakatazamana. Kisha mmoja akasema, "Mama, asante kwa kutuambia. Tutakuwa na amani zaidi kulala hapa kuliko mahali tusipoambiwa kitu." Wakaingiza mabegi yao. Mtoto mdogo alilala usiku ule bila kukohoa.

Tafakari: Ni nini kinachojaza nyumba yako kati ya saa moja jioni na wakati wa kulala?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Kumbukumbu la Torati 23:12–14 na Mithali 24:30–34. Linganisha usafi wa kambi, uliodaiwa kwa sababu Mungu alitembea katikati yake, na ukuta uliobomoka wa mtu mvivu.

Ellen G. White, katika kitabu chake kuhusu huduma ya uponyaji kilichochapishwa mwaka 1905, anahesabu usafi, hewa safi na mwanga wa jua kuwa sehemu ya wajibu wa Kikristo nyumbani. Kwake afya ya familia haikuwa jambo dogo lililo chini ya dini. Ijumaa, siku ya maandalizi, ni nafasi nzuri ya kuyaweka hayo katika matendo. Wakati nyumba inafagiwa kwa ajili ya Sabato, godoro moja liinuliwe na pembe moja imulikwe. Na mikono ikiwa kazini, moyo nao upekuliwe (Zaburi 139:23, 24).

Maswali ya Kujadili:

1. Katika Walawi 14 mwenye nyumba alikuwa huru kwenda kwa kuhani na kusema. Je, darasa lenu ni mahali ambapo mshiriki anaweza kusema, "Nyumbani kwangu kuna tatizo," bila kusikia habari zake njiani akirudi? Taja mambo mawili yanayopaswa kubadilika.

2. Kwa nini ni hatari kuuona ugonjwa, wadudu au umaskini wa nyumba fulani kuwa dalili ya dhambi? Ni kwa njia gani mafungu ya somo hili yanaweza kutumiwa vibaya kumuumiza mtu?

3. Shemasi alikuwa amepitia tatizo lilelile mwaka uliotangulia na alinyamaza. Je, alikuwa na wajibu wa kusema? Ushuhuda wa kushindwa kwetu unaweza kumsaidia nani?

4. Kabla masika hayajakolea, darasa lenu linaweza kusaidia nyumba gani ya mjane, mgonjwa au mzee kuziba matundu, kufunika maji, kukagua vitanda na kuondoa sumu mahali watoto wanapofikia? Pangeni siku na majina kabla ya kufunga darasa.

5. Farao alisema kesho, mwenye nyumba wa Walawi alikuja. Ni nini kinachomwezesha mtu kuja? Jibuni kwa kutumia Mithali 28:13.